Luberizi: mchezaji apimwe kwa majuma ya mazoezi, si kwa mechi moja ya kirafiki

Kiangazi kikiingia katika bonde la Ruzizi na shule zikifungwa, vijana wa Luberizi wanarudi uwanjani. Mashindano yamesimama, matokeo hayaandikwi, na wazazi wengi wanaona mazoezi ya kipindi hicho ni ya kupitisha jioni tu. Hapo wanakosea. Kwa mchezaji wa kijijini, majuma hayo ndiyo mtihani wa haki kuliko yote anayoweza kupewa, mradi anayemtazama awe na subira.

Mchezaji wa ligi kubwa ana hesabu zake. Msimu wa 2022/23, Mkongomani Fiston Mayele wa Yanga na Mrundi Saido Ntibazonkiza, aliyeumaliza msimu huo akiwa Simba, walifungana kileleni mwa wafungaji wa Ligi Kuu ya Tanzania, kila mmoja na mabao 17. Kocha anayewataka anaanzia hapo, kisha anatafuta video. Kijana anayecheza kando ya Barabara ya Taifa namba 5, kati ya Sange na Luvungi, hana video wala karatasi ya mabao, na michuano yake inakatika kila usalama unapoharibika. Kumbukumbu yake yote imo vichwani mwa watu waliomwona.

Ndiyo maana mechi moja ya kirafiki inapewa uzito usio wake. Mgeni anafika kutoka Uvira au Bukavu, anasimama pembeni dakika 90, anamchagua aliyefunga bao. Kumbe bao lenyewe limetokana na mpira uliodunda vibaya juu ya udongo mkavu, na aliyeufunga amewazidi wenzake umri na kifua. Hata Dar es Salaam mashabiki wana ugonjwa huo: katika Simba Day, sikukuu ambayo Simba inaifanya tangu 2009 kabla ya msimu, mchezaji mpya akipiga chenga mbili anaitwa mfalme, akipoteza mpira anaitwa mzigo. Lakini ile ni sherehe, na klabu kubwa haiandiki mkataba kwa sababu ya vigelegele.

Mazoezi ya majuma sita yanaonyesha mambo ambayo mechi inayaficha. Beki aliyekosea kujipanga Jumatatu, je, Alhamisi amejirekebisha? Kiungo anatazama wapi kabla ya kupokea mpira? Akihamishwa nafasi, ananung'unika au anajifunza? Na kwa kuwa kila mtoto anataka kuwa mshambuliaji, huu ndio wakati wa kumjaribu nyuma yule ambaye hajawahi kufikiriwa kuwa beki, bila pointi tatu kupotea. Kosa la kiangazi halishushi timu daraja.

Ni kweli, wako wanaong'ara mazoezini na kuganda mbele ya umati. Jambo hilo mazoezi peke yake hayawezi kulitatua, na kocha asijidanganye. Ila dawa yake ni mechi kadhaa za kirafiki ndani ya majuma hayohayo, mchezaji yuleyule akitazamwa mara ya kwanza, ya tatu na ya tano, na yanayoonekana yaandikwe. Daftari la shule linatosha: nani alikuja, alicheza wapi, alikosea nini, alibadilika vipi. Kocha akihama au timu ikitawanyika, daftari linabaki. Pia linamzuia kiongozi wa timu kumpenyeza mtoto wa ndugu yake siku ya mwisho, jambo ambalo viwanjani linajulikana sana hata kama halisemwi kwa sauti.

Lakini kuna mstari mmoja wa daftari hilo unaohitaji akili zaidi, ule wa mahudhurio. Kiangazi ni wakati wa kufyatua na kuchoma matofali, na kijana mwenye umri wa kucheza ndiye mwenye mikono inayohitajika nyumbani. Anafika uwanjani jua likizama, miguu imejaa udongo, wenzake wamekwisha kupasha mwili. Akiandikwa mtoro bila kuulizwa, timu imempoteza kabla haijamwona akigusa mpira. Kocha amuulize anatoka wapi, kisha amwingize katika nusu saa iliyobaki.