Karoo walidhibitiwa mawimbi ya redio ili hidrojeni isikike. Satelaiti je?

Kati ya nyota za galaksi yetu si patupu. Kuna gesi ya hidrojeni, imekaa kama nyuzi ndefu, mawingu, na mapovu yaliyopulizwa na nyota zilizolipuka. Kwa macho huioni. Inasikika kwa redio, kwenye megahezi 1420.

Shida ni kwamba sauti yake ni hafifu mno. Atomu moja ikiachwa yenyewe hutoa wimbi hilo mara moja kwa takriban miaka milioni 11! Tunalinasa kwa sababu tu atomu ni nyingi.

Ndiyo maana Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kudhibiti mawimbi ya redio huko Karoo, ziliko antena 64 za MeerKAT. Mzigo wameubeba wakazi, ambao nao wanataka mtandao kama wewe.

Ila sheria hiyo haifiki angani. Mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini ya LOFAR, Uholanzi, walionyesha kuwa satelaiti za Starlink huvujisha mawimbi yasiyokusudiwa, japo kwenye masafa ya chini zaidi. Kanuni za kimataifa zinalinda megahezi 1400 hadi 1427 dhidi ya matangazo ya makusudi. Uvujaji wa namna hii haujaguswa.