Mkono Uliovimba Usifichwe



Mtu huteleza juu ya lori la mizigo, akajikinga kwa kiganja, akainuka na kujipangusa vumbi. Kifundo cha mkono chamwuma, lakini husema, "Nimeteguka tu." Aogopa kumwambia nyapara, asije akarudishwa nyumbani bila mshahara. Jioni huchuliwa mafuta. Baada ya miezi mitatu hawezi kushika nyundo, wala hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliumia kazini. Kesi za namna hii ni ngumu sana kuzitetea.

Mkono, pamoja na kifundo chake, una mifupa 27. Huvunjwa na mashine isiyo na kinga, na mlango wa kontena, na jiwe la machimbo. (Wengine huvunja mfupa wa chini ya kidole cha mwisho kwa kupigana ngumi siku ya mshahara. Hao wasije ofisini kwetu kudai fidia.) Lakini mdanganyifu kuliko yote ni mfupa mdogo ulio kifundoni, upande wa kidole gumba. Ukivunjika huvimba kidogo tu, vidole hukunjika, na hata picha ya eksirei ya siku ya kwanza huenda isionyeshe ufa. Damu huufikia kwa njia nyembamba. Njia hiyo ikikatika, kipande cha mfupa chaweza kufa. Basi daktari akikufunga plasta na kukuambia urudi baada ya wiki mbili upigwe picha tena, usidhani anakupotezea siku. Mfupa wa kidole mara nyingi hushikana kwa wiki 3 mpaka 6. Huu hutaka miezi.

Ukiumia, vua pete upesi, uinue mkono, uufunge kwenye kibao, wala usikubali kukandwa. Ngozi ikipasuka, funika kwa kitambaa safi uende hospitali saa ile ile, maana hapo pana hatari ya pepopunda. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi ndani ya plasta, usingoje asubuhi.

Sasa habari ya haki yako. Kwa sheria ya mwaka wa 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, gharama ya matibabu ni juu ya mwajiri. Akipata habari ya ajali, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia nalo lifikishwe kabla ya miezi 12 kupita. Lakini zile siku 7 huhesabiwa tangu mwajiri ajue, ukinyamaza, hazianzi. Mwambie nyapara mbele ya shahidi, ajali iandikwe siku hiyo hiyo, na nakala ya karatasi ya daktari umpe mjumbe wetu.

Wajumbe wa kila idara waulize wiki hii: daftari la ajali liko wapi, na ufunguo wa kabati anao nani?