Kitako cha bunduki
Kule Lemera tumeona kijana wa shimo letu akipeleka kalash ya zamani kwa seremala. Kitako kimekwaruzika: kipigwe msasa, kipakwe mawese, king'ae. (Mawese hayakauki, apake verni!) Mti wenyewe ni mzuri, hatukatai. Lakini siye tuliokuwa watoto tarehe 6 Oktoba 1996, wakati wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera, hatuwezi kuusifu. Bunduki ikitengenezwa, iko na safari: kesho itasimama kwenye bariere, na mchanga wetu njo utalipa. Baba zetu maseremala, tunawaomba muikatae ile kazi. Mutuchongee mipini ya sururu, yetu imevunjika tangu mvua ya kwanza, na pesa tutachanga.