Mtaji mnono pekee haudumishi kampuni za teknolojia

KAMPUNI ya Copia ilipowekwa mikononi mwa wasimamizi mnamo Mei 2024, wanunuzi wengi wa mashambani walipoteza duka lililowafikia kupitia wakala wa kijijini. Mwaka mmoja awali, Sendy, iliyoshughulikia usafirishaji wa mizigo, ilikuwa imefunga shughuli zake.

Zote mbili zilipata mamilioni ya dola kutoka kwa wawekezaji, na hazikukosa wataalamu. Kwa hivyo, kilio cha kila mara kwamba kampuni changa hufa kwa kukosa mtaji hakitoshi kueleza masaibu yao. Copia ilikuwa imevuka mpaka hadi Uganda mnamo 2021 kisha ikaondoka 2023, wakati ambapo gharama za nyumbani zilikuwa bado hazijalipwa na mauzo. Fedha za wawekezaji zilipokauka, hapakuwa na akiba ya kuegemea.

Linganisha na M-Pesa. Majaribio yake mnamo 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wateja wa Faulu kulipa mikopo kwa simu. Wahusika waligundua kuwa watu walikuwa wakiitumia kwa jambo jingine kabisa: kutumiana pesa. Wakuu wenye kiburi wangewakaripia wateja kwa kukiuka maagizo. Safaricom, chini ya Michael Joseph, iliweka kando mpango wa mikopo, na Machi 2007 ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Aghalabu sifa huendea mitambo, ilhali hadi 2015 mitambo hiyo ilikuwa Ujerumani. Kazi ngumu ilikuwa hapa nchini, kwa wakala. Mwenye duka alitakiwa kuweka fedha zake kwanza, na asingefanya hivyo bila kamisheni ya kuridhisha. Alihitaji wateja, nao wateja hawangekuja pasipo mawakala. Uongozi ulilazimika kukuza pande hizo mbili kwa pamoja, huku faida ikisubiri.

Uamuzi mwingine, usiozungumziwa sana, ulihusu uaminifu. Pesa za wateja ziliwekwa benki katika akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Mwishoni mwa 2008, Kaimu Waziri wa Fedha John Michuki alipoagiza huduma hiyo ichunguzwe, mpangilio huo uliiokoa. Mapema 2009, serikali ilitangaza kuwa ilikuwa salama.

Bob Collymore, aliyeshika hatamu Novemba 2010, hakuridhika na utumaji pesa tu. M-Shwari ilianza 2012, ikaleta akiba na mikopo kwa watu ambao benki zilikuwa zimewapa kisogo. Kwamba mikopo ya simu imewatumbukiza baadhi yao katika madeni ni lawama ambayo haiwezi kupuuzwa.

Hata hivyo, jina kubwa halisafiri na mafanikio yake. Afrika Kusini, Vodacom ilizindua M-Pesa 2010 na kuifunga 2016. Huko watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki, na mawakala walikuwa wachache.

Nchini Ethiopia, ambako Safaricom ilianzisha M-Pesa Agosti 2023, hali ni tofauti na Nairobi ya 2007. Telebirr, ya shirika la Ethio Telecom, ilikuwa imetangulia tangu Mei 2021, nao wenye maduka walishaizoea.