Kujitegemea Bila Ardhi ni Porojo

Usiku, katika mitaa mingi ya Kinondoni na Temeke, anayelinda geti ni kijana wa Kimasai aliyevaa lubega na kushika rungu. Tunalala kwa sababu yeye yu macho. Kunapokucha tunafunga tai, tunakwenda maofisini na madarasani, na huko tunasema kwamba wafugaji na wawindaji ni watu wanaopaswa kufundishwa kujitegemea.

Kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi na kwa watumishi wa umma. Ni kauli ya kiburi, tena inakwenda kinyume na historia yetu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ardhi imetajwa ya pili, mara tu baada ya watu. Anayemnyang'anya mtu ardhi, kisha akamhubiria kujitegemea, ni sawa na aliyemvunja mwenzake miguu akamlaumu kwa kutokimbia.

Watazameni Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, karibu na Ziwa Eyasi. Ni watu elfu moja na ushee, ambao tangu kale wamejilisha kwa mizizi, asali, ubuyu na nyama ya porini. Waingereza walijaribu kuwafanya wakulima mwaka 1939. Serikali yetu huru ikarudia jaribio hilo mwaka 1964 na 1965, ikawakusanya Yaeda Chini. Msongamano ukaleta maradhi, baadhi wakafa, na wengi wa waliosalia wakarejea porini. Watu waliokuwa wakijilisha wenyewe walikuwa wamegeuzwa wangoja mgao, na jambo hilo likaitwa maendeleo!

Mwaka 2011 likafanyika jambo tofauti. Kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya eneo la zaidi ya hekta 20,000. Leo msitu ule unaingiza mapato ya biashara ya hewa ukaa, nayo hulipa walinzi wa msitu wanaotoka katika jamii yenyewe na kugharimia matibabu na masomo. Wako waliowasaidia kupata hati, lakini hakuna aliyewafundisha kuishi. Walihakikishiwa tu kile walichokuwa wakikitegemea.

Nitajibiwa kwamba Watanzania wote ni wazawa, hivyo hakuna sababu ya kuwapendelea wachache. Nakubali kwamba sote ni wazawa. Mbona basi mwenye shamba la mahindi huhesabiwa kuwa anaitumia ardhi yake, ilhali mwindaji na mfugaji huambiwa kwamba ya kwao ni pori tupu? Wanachodai si upendeleo. Wanadai usawa.

Kwa hiyo, mtumishi wa halmashauri, kabla hujaandika mpango wa kuiwezesha jamii yoyote, uliza kwanza: watu hawa wanategemea nini, na ni nani anayekitaka? Mpango usiojibu swali hilo haustahili kupewa hata shilingi moja.

Nawe mwanafunzi, usiku wa leo ukimsalimu mlinzi getini, muulize malisho ya kwao yamekwenda wapi. Kisha uamue mwenyewe, kati yenu wawili, ni nani anayemtegemea mwenzake.