Tangazo la Mchezo Si Ahadi

Miongoni mwa vijana wa Kisiwa cha Mombasa wanaopenda michezo ya video, ambayo wenyewe huiita gemu, imekita mizizi imani kwamba matangazo ya kampuni kubwa za ng'ambo kuhusu michezo na mitambo itakayotoka ndiyo kilele cha mwaka wa mchezaji, na kwamba anayeyafuata kwa makini, akayakariri na kuyatetea mbele ya wenzake, ndiye anayeijua gemu kweli. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake yanazidi usingizi unaopotea, kwa sababu inamzoesha kijana kuipima kazi ya watu kwa maneno ya muuzaji kabla kazi yenyewe haijakuwepo.

Usingizi nao haupotei kidogo. Hafla ya The Game Awards, iliyoanza 2014 na ambayo huchanganya tuzo na matangazo ya michezo mipya, hufanyika Los Angeles kila Desemba na kumfikia mtazamaji wa Mombasa yapata saa kumi alfajiri, muda mfupi kabla ya adhana. Mabishano yaliyowaka kwenye simu usiku huhamia mchana kwenye baraza za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, ambako watu wazima hubishana kwa ujuzi mkubwa juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekigusa.

Mombasa ina sababu kuliko miji mingi ya kuyatilia shaka matangazo hayo, kwa kuwa jina lake lenyewe lilitumika katika tangazo mojawapo lililovuma kuliko yote. Mwezi Mei 2003, katika maonyesho ya E3, ambayo tangu 1995 yalikuwa jukwaa kuu la matangazo ya sekta hii, studio ya Bungie iliyokuwa chini ya Microsoft ilionyesha demo ya Halo 2, yaani kipande kifupi cha mchezo kinachochezwa mbele ya watu ili waonjeshwe utakavyokuwa. Vita vyake vilipiganwa New Mombasa, jiji la kubuni la mwaka 2552 linalodhaniwa kusimama papa hapa, ambako askari anashushwa na ndege katikati ya mitaa inayoshambuliwa, huku mwanga na vivuli vikicheza kwa namna iliyowaduwaza watazamaji wa wakati ule. Mchezo ulipotoka tarehe 9 Novemba 2004, kipande kile hakikuwemo. Injini, yaani programu ya msingi inayochora picha na kuendesha kila kinachotokea mchezoni, ilikuwa imebuniwa kwa vivuli ambavyo mtambo wa Xbox haukuweza kuvibeba katika mchezo mzima, kwa hiyo watengenezaji, kama walivyokuja kueleza wenyewe, waliitupa sehemu kubwa ya kazi hiyo na kuanza upya. Mtaa ule uliozungumzwa dunia nzima kwa mwaka mmoja na nusu haukufika mikononi mwa umma hadi Novemba 2024, ulipofufuliwa kuadhimisha miaka 20 ya mchezo huo.

Wapo watakaojibu kwamba Halo 2 ilifaulu hata hivyo, na ni kweli, kwani nakala milioni 2.4 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza. Lakini kilichofaulu si kile kilichotangazwa, na aliyeshinda mabishano ya 2003 kwa kuitetea demo ile alishinda kwa hoja ya kitu kisichokuwepo. Ajabu ni kwamba Halo 3: ODST ya 2009, ambamo mchezaji huzunguka New Mombasa hiyohiyo, kwenye Kizingo Boulevard, na kupita kituo cha Kikowani, majina ambayo mkazi wa kisiwa anayajua kwa miguu yake, haisikiki sana barazani, ilhali ndiyo ingestahili mjadala: jiji hilo lilibakishiwa nini cha Mombasa zaidi ya majina?

Itadaiwa kwamba hayo ni ya zamani na kwamba kampuni zimejirekebisha, ilhali mambo yamekwenda kinyume. E3 ilitangazwa kufungwa kabisa Desemba 2023, baada ya kampuni kugundua kwamba zinaweza kuzungumza na mashabiki moja kwa moja kwa video zilizorekodiwa mapema, kama Nintendo ilivyofanya kuanzia 2011 na Sony kwa State of Play kuanzia 2019. Pamoja na maonyesho hayo iliondoka nafasi ya mwandishi wa habari kushika padi, yaani kidude cha kuchezea, na kuuliza swali lisilopendeza. Kilichobaki ni trela, filamu fupi ya matangazo, ambayo haimjibu mtu. Konami ilipotangaza mwaka 2021 kwamba PES, gemu ya kandanda iliyopendwa mno vibandani, ingegeuka kuwa eFootball, mashabiki waliahidiwa zama mpya, na Septemba mwaka huo wakapewa mchezo wenye nyuso zilizopinda kiasi kwamba kampuni iliomba radhi. Trela ya kwanza ya Grand Theft Auto VI, ya Desemba 2023, ilitaja mwaka 2025. Tarehe ikasogezwa hadi Mei 2026, kisha hadi Novemba 2026.

Zaidi ya hayo, matangazo hayo hayamlengi mtu wa Mombasa. Katika orodha ya nchi ambazo mtandao wa PlayStation wa Sony unazihudumia rasmi Kenya haimo, ndiyo maana mchezaji wa Bondeni au Makadara hulazimika kufungua akaunti ya nchi asiyoishi, akijua kwamba siku kampuni ikiamua kukaza masharti hana pa kudai. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo, mchezo uliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyohudumiwa, na ingawa sharti lilifutwa baada ya siku chache kwa hasira za wachezaji, ilidhihirika nani anahesabiwa kuwa mteja. Jambo la aina hiyo, linaloamua nani acheze na nani asicheze, haliwi mada ya trela.

Ikisemwa kwamba kungoja kuna raha yake, hakuna anayekataa, ila raha ya kungoja haimfanyi mtu kuwa mjuzi. Ujuzi umo kibandani, ambako kijana anayelipa shilingi chache kwa mechi anajua padi ipi imelegea, mchezo upi wa miaka mingi bado una siri, na beki yupi hapitiki, maarifa yaliyopatikana kwa vidole na ambayo hakuna muuzaji aliyemlisha. Hayo ndiyo yanayofaa kubishaniwa barazani.

Anayetaka gemu mpya asiilipie kabla haijatoka. Na asubiri itoke, aitazame ikichezwa hadi mwisho na mtu anayemwamini, aulize kama itamdai akaunti ya nchi nyingine, kisha ndipo atoe pesa yake.