Akiba ya Rozela Huoza

Wanachuo wenzetu wanaotengeneza bia nyumbani hupenda kupanda hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kisha hulalamika kwamba mavuno ni haba. Si ajabu. Hopsi hustawi hasa kati ya latitudo ya 35 na ya 55, penye siku ndefu za kiangazi na baridi ya kutosha. Dallas iko karibu na 33, Houston karibu na 30.

Maoni yetu ni kwamba ua la kinywaji linaloifaa Texas ni rozela, ambayo wengine huiita choya. Hupenda joto, huchanua siku zinapofupika, na huvunwa kabla ya baridi kali kufika. Wakongo hupika majani yake, ngai-ngai. Sharubati yake hunywewa na bibi na mjukuu, Mwislamu na Mkristo, na sisi wa miaka 20 ambao sheria inatukataza bia hadi 21.

Tatizo letu ni kuhifadhi. Oktoba ndoo zinajaa uani. Ikifika Februari tunanunua pakiti za "jamaica" kwenye maduka ya Wameksiko, ilhali ni ua lilelile.

Hapa wakulima wa hopsi wametuzidi. Wanajua maadui wanne wa ua kavu: unyevu, mwanga, joto na hewa. Hukausha mbali na jua, hukamua hewa yote mfukoni, kisha huweka kwenye friza. Rozela inataka uangalifu huohuo. Toa tumba la mbegu, tandaza maua kwa safu moja, yakaushe kwa feni ndani ya chumba chenye kiyoyozi, au kwa mashine ya kukaushia kwenye nyuzi 55 za Selsiasi. Yakivunjika kwa kidole, yamekauka. Yakipindika tu, bado. Kisha yatie kwenye chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, kabatini, penye giza. Kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu, kwa hiyo hata friza ndogo inatosha.

Wazazi watasema kwamba nyumbani maua huanikwa juani kwenye mkeka, na hayaharibiki. Ni kweli kwa Dodoma, ambako hewa ya kiangazi ni kavu. Houston hewa yenyewe ni maji, na jua hupausha wekundu tunaoutaka. Methali inasema akiba haiozi. Rozela iliyofungwa ikiwa na unyevu huota ukungu.

Tunapendekeza kila mwanachama mwenye ua, wa Houston na wa Dallas, alete chupa moja kwenye mkutano wa Novemba, ikiwa na lebo ya Kiswahili: ilichumwa lini, wapi, ilikaushwaje. Asiyejua kuiandika amuulize mama au shangazi. Kuchuma, kuanika, kupeta na kuvunda ni maneno ambayo wengi wetu hatukuyapata darasani, na wanaoyajua wanazeeka. Tusisubiri mtihani utuulize.